Mama katolewa mfuko wa nyongo kwa matundu, tumbo shwari ila BEGA linamliza. Kuna uhusiano gani?

#1 Chuma cha Reli
Wakuu salama. Niende moja kwa moja.

Bi mkubwa ana miaka 61. Mawe kwenye mfuko wa nyongo yamemsumbua karibu miaka miwili, akila chapati mbili tu usiku nyumba nzima hatulali. Jumanne kafanyiwa upasuaji wa matundu, yako manne, na kubwa lao ukilifunika kwa kidole gumba hulioni. Jumatano jioni karuhusiwa, katembea mwenyewe hadi kwenye gari.

Tumbo anasema wala halimpi shida. Kinachomliza ni bega la kulia. Akikaa linachoma, akilala linapoa. Nimepiga simu hospitali nikajibiwa "ni kawaida, mpe Panado". Kawaida vipi? Wapasue tumbo, liume bega?

Shangazi kashatoa hukumu: walimwangusha kitandani akiwa nusu kaputi, sasa wanaficha. Mimi sitaki kuamini ila nimeanza kujiuliza. Waliopitia na wenye taaluma nisaidieni kabla shangazi hajapanda daladala kwenda kumkunja daktari shati.

#2 Mpiga Mbizi
Siti ya mbele. Ngoja waje wenye makoti meupe.

#3 Ng'ombe Hazeeki
Hakuna aliyeangushwa. Hiyo ni gesi. Ili kamera ione, tumbo wanalijaza upepo kama mpira, nyama ziachane. Wakimaliza wanautoa, ila hautoki wote, uliobaki unapanda juu hadi begani. Mpe maji ya tangawizi, atembeetembee, akijamba mara mbili tatu kwisha habari.

#4 Dada wa Zamu
Ng'ombe, umeanza vizuri ukaishia mtaroni.

Niko thieta mwaka wa tisa huu. Gesi ni kweli tunaweka, lakini haiko ndani ya utumbo. Iko nje ya utumbo, kwenye ule uwazi wa tumbo. Kwa hiyo hata ajambe mpaka majirani wahame, hiyo haitoki kwa njia hiyo. Inanyonywa na damu, inapelekwa mapafuni, anaitoa kwa pumzi. Ni kabonidayoksaidi, ileile tunayopumua nje kila siku. Imechaguliwa kwa sababu mwili umeshazoea kuitoa, na haishiki moto. Mle ndani tunakata na kuziba mishipa kwa umeme, sasa uweke gesi inayowaka uone.

Na presha yake si ya kupasua mtu. Ile mashine ya presha ya mkononi inaposoma 120, sisi tumboni tunaweka 12 hadi 15 kwa kipimo hichohicho.

Bega sasa. Juu ya ini kuna kiwambo kinachotenganisha tumbo na kifua. Mshipa wa fahamu wa kiwambo hicho hautoki tumboni, unatoka shingoni, pingili ya 3, ya 4 na ya 5. Na ngozi ya juu ya bega nayo inachukua hisia zake maeneo hayohayo. Ni kama nyumba mbili zinazotumia mita moja ya Luku: nyumba ya nyuma ikiwasha pasi, aliye mbele ndiye anayeona uniti zinakimbia. Kiwambo kinasumbuliwa, ubongo unasoma bega.

Ila Chuma, uwe macho. Akishindwa kupumua vizuri, homa ikapanda, macho yakawa ya manjano, tumbo likavimba au maumivu ya tumbo yakazidi badala ya kupungua, usiulize humu. Mrudishe hospitali usiku huohuo.

#5 Chuma cha Reli
Dada asante, hilo la Luku nimemsomea shangazi, kanyamaza dakika nzima, rekodi hiyo.

Lakini kama inanyonywa na damu, leo Ijumaa bado ipo inafanya nini?

#6 Kipanga wa Bonde
Swali zuri. Nijuavyo mimi tatizo si ujazo wa gesi, ni ukali wake. Kabonidayoksaidi ikikutana na majimaji inageuka asidi, ndiyo ile inayokuwasha puani ukinywa soda haraka. Ule utando wa kiwambo unaunguzwa kidogo. Gesi inaondoka, kidonda cha asidi kinabaki siku mbili tatu. Kesi imefungwa.

#7 Usingizi Mnono
Kipanga usifunge kesi kabla shahidi wa pili hajaongea. Mimi ndiye ninayewalaza hao wagonjwa.

Ingekuwa asidi peke yake, presha ndogo au kubwa isingeleta tofauti, maana gesi ni ileile. Lakini daktari akikubali kufanya kazi na presha ya chini, wanaolia bega wanapungua. Mimi naamini zaidi habari ya kuvutwa. Tumbo likijazwa, kiwambo kinasukumwa juu na ini linaning'inia kwenye kano zake kwa namna ambayo halijazoea. Nyama iliyovutwa saa nzima haisahau siku moja. Muulize aliyebeba gunia la mkaa jana.

Halafu kuna jambo wengi hawalijui. Kabla ya kuziba matundu, sisi wa usingizi tunajaza mapafu pumzi kubwa mara kadhaa, kiwambo kishuke kikamue gesi itokee matunduni. Inachukua chini ya dakika mbili. Pale ambapo watu wana haraka ya kumwingiza mgonjwa mwingine, ndipo kesho yake simu zinaita.

#8 Mpiga Mbizi
Kwa hiyo bega la bi mkubwa ni dakika mbili za mtu aliyetaka kuwahi chai?

#9 Usingizi Mnono
Sijasema hivyo. Wapo tunaowakamua vizuri na bado wanalia, na wapo waliosahaulika wakaamka wanacheka.

#10 Mkunga Mstaafu
Hamjambo wanangu. Nawasikia gesi, gesi, gesi. Nimekaa wodi ya wazazi miaka 34, na maumivu ya ncha ya bega niliyajua kabla kamera hazijafika wilayani kwetu.

Anakuja binti, kapitisha siku zake wiki mbili, kizunguzungu, tumbo la chini linauma upande, halafu anakwambia "na bega". Hajapulizwa na mtu. Huyo mimba imetunga nje ya kizazi na imepasuka, damu imetambaa hadi chini ya kiwambo. Tulifundishwa ukisikia bega kwa mwanamke wa namna hiyo usimwandikie dawa ya kuchua, kimbia naye thieta. Hata bandama likipasuka kwa ajali ya bodaboda ni bega vilevile, ila la kushoto.

Kwa hiyo Kipanga na asidi yako, damu ina soda gani?

#11 Mama wa Wawili
Heee! Mie nilijifungua kwa upasuaji wa kawaida kabisa, mshono mmoja, ganzi ya mgongo, hakuna kamera wala nini. Siku ya pili bega la kulia nikashindwa kumnyonyesha mtoto upande huo. Wifi zangu wakasema nimeingiwa na baridi kwa sababu sikujifunika. Nimekandwa maji moto wiki nzima! Leo ndiyo najua si peke yangu.

#12 Usingizi Mnono
Mama wa Wawili, wewe uliingiwa na hewa ya chumba. Tumbo likifunguliwa hewa ya kawaida inaingia yenyewe, na sehemu kubwa ya hewa hiyo ni naitrojeni, ambayo damu inainyonya polepole kuliko kabonidayoksaidi. Ongeza mabaki ya damu na majimaji ya uzazi. Bi Mkunga nakuvulia kofia, ila hujanivunjia hoja. Nakubali chochote kikigusa kiwambo kinasumbua. Nachobishia ni kwamba kwenye matundu, kikubwa ni kuvutwa.

#13 Kipanga wa Bonde
Na mimi sijaondoka kwenye asidi. Damu nayo inaunguza utando, tunasema kitu kilekile.

#14 Mzee wa Korosho
Vijana mnakimbia. Mmemuuliza bi mkubwa bega lilianza lini?

Mimi nilichua bega la kulia mwaka mzima. Mafuta ya kondoo, ya mbuni, ya nyoka, kuna mmoja alinichua na kitu akakataa kusema ni nini. Mwisho daktari kijana akanipiga ultrasaundi ya TUMBO nikamwona hana akili. Akanionyesha mawe saba kwenye mfuko wa nyongo. Wenyewe ndio ulikuwa unatuma maumivu mgongoni kwenye bega. Kwa hiyo inawezekana mama bega analo siku nyingi, ila tumbo lilikuwa linapiga kelele zaidi, sasa limenyamaza ndiyo analisikia.

#15 Chuma cha Reli
Mzee nimemuuliza. Anasema la zamani lilikuwepo, ila lilikuwa nyuma, kwenye lile fupa bapa, na lilikuja baada ya kula. Hili la sasa ni juu kwenye ncha, pale mkanda wa mkoba unapokaa, na halijali kama kala au hajala. Kwa hiyo ni mawili tofauti? Mnazidi kunichanganya.

#16 Dada wa Zamu
Ni mawili tofauti. La nyuma ni la nyongo yenyewe, la nchani ni la kiwambo. Bi mkubwa wako anaeleza vizuri kuliko wanafunzi wetu.

#17 Fupa Gumu
Mnasahau kitanda. Ukilazwa, mkono unafungwa kwenye ubao pembeni kwa ajili ya dripu, umenyooshwa saa nzima na huna fahamu ya kusema "jamani nauma". Halafu kwa nyongo kitanda kinainuliwa upande wa kichwa na kuinamishwa kushoto. Nani kasema bega halivutwi hapo?

Mimi nilifanyiwa goti, mshipa uliokatika mpirani. Matundu mawili na kamera, goti linajazwa maji badala ya gesi. Na bega liliniuma vibaya mno.

#18 Dada wa Zamu
Fupa, ulitoka na mikongojo?

#19 Fupa Gumu
Ndiyo, wiki sita.

#20 Dada wa Zamu
Basi.

#21 Mpiga Mbizi
😂😂 Fupa kajifunga goli mwenyewe.

#22 Mwana wa Shangani
Yakhe mie nna suali dogo, msinicheke. Mtu akitolewa nyongo anaishi vipi? Si ndiyo inayosaga mafuta? Bibi yangu kakataa upasuaji kwa hilo tu.

#23 Mkunga Mstaafu
Mwanangu, umewahi kuchinja kuku? Ile kijani chini ya ini, unayoikata taratibu isipasuke nyama yote ikaingia nyongo. Kile ni kifuko tu, kibuyu cha kuhifadhia. Anayetengeneza nyongo ni ini, na ini halitolewi. Kibuyu kikiondoka, nyongo inatiririka kidogokidogo moja kwa moja kwenye utumbo. Wengine mwanzoni wanaharisha wakila mafuta mengi, baadaye mwili unazoea. Mwambie bibi asiogope.

#24 Ng'ombe Hazeeki
Mnapenda visu sana. Kuna mafuta ya zeituni na ndimu, nusu kikombe usiku, asubuhi mawe yanatoka ya kijani, laini kama kunde. Jirani yangu kayahesabu kwa macho yake, 40 na kitu.

#25 Dada wa Zamu
Jirani yako kahesabu sabuni. Mafuta yakichanganyika na ndimu na juisi za tumbo yanaganda vidonge vya kijani. Jiwe la nyongo ukilishika ni gumu. Mwambie arudie ultrasaundi, atayakuta ya kwake yamekaa palepale yanamsubiri.

#26 Kijukuu wa Makongo
Naomba niongeze watoto. Watu wanadhani mawe haya ni ya wamama wanene wa miaka 40. Mdogo wangu ana selimundu, kapata mawe ya nyongo akiwa na miaka 14. Damu ikivunjikavunjika mara kwa mara, rangi yake inajikusanya kwenye nyongo inakuwa mawe meusi. Kwa hiyo mwenye mtoto wa selimundu akilalamika tumbo upande wa kulia usidhani kila mara ni kipindi cha maumivu ya kawaida. Yeye kafanyiwa kwa matundu, bega halikumuuma hata kidogo. Aliuliza tu lini atakula chipsi.

#27 Kipanga wa Bonde
Mwisho wa siku tuwashukuru Wafaransa. Philippe Mouret wa Lyon, 1987, ndiye wa kwanza duniani kutoa mfuko wa nyongo kwa kamera.

#28 Babu Maktaba
Hapo umechemka. Wa kwanza ni Mjerumani, Erich Mühe, mji wa Böblingen, tarehe 12 Septemba 1985. Mouret alikuja miaka miwili baadaye, na ni kwa Wafaransa ndipo mbinu ikasambaa. Mühe alipowaeleza wenzake kwenye mkutano wa madaktari wa upasuaji Ujerumani, 1986, walimpuuza. Ilipofika 1992 chama hichohicho kikampa tuzo. Na kabla yake Kurt Semm wa Kiel, daktari wa magonjwa ya wanawake, alitoa kidole tumbo kwa matundu mwaka 1980, akasakamwa vibaya.

Sasa lipo jambo linalohusu uzi huu. Mühe baada ya wagonjwa wachache aliiacha gesi. Akawa anaingiza mrija mmoja chini ya mbavu na kufanyia kazi humo. Swali langu kwa Usingizi Mnono: je, hao mabega yaliwauma?

#29 Usingizi Mnono
Babu hao siwezi kuwasemea. Ila India kwenye hospitali za vijijini wapo wanaoinua ukuta wa tumbo kwa chuma badala ya kujaza gesi, inasaidia sehemu zisizo na mitungi wala mashine kubwa. Bega linapungua. Haliishi.

#30 Kipanga wa Bonde
Linapungua bila gesi. Asidi oyee.

#31 Usingizi Mnono
Haliishi bila gesi. Kuvutwa oyee.

#32 Mpiga Mbizi
Mimi nasikia kuna roboti siku hizi, daktari anakaa pembeni anacheza kama gemu.

#33 Babu Maktaba
Pembeni tu? Tarehe 7 Septemba 2001 Jacques Marescaux alikaa New York, mgonjwa yuko Strasbourg, Ufaransa, mwanamke wa miaka 68. Roboti ikatoa mfuko wa nyongo chini ya saa moja, amri zinapita kwenye nyaya chini ya Atlantiki. Nyongo hiyohiyo tunayoijadili hapa.

#34 Mpiga Mbizi
Bando likikata katikati?

#35 Fupa Gumu
"Ndugu mteja, huna salio la kutosha kumalizia upasuaji huu."

#36 Mama wa Wawili
😂😂😂 Nimemwaga chai.

#37 Dada wa Zamu
Pale Strasbourg kulikuwa na madaktari wamesimama tayari kando ya mgonjwa. Roboti haiachwi peke yake na mtu.

#38 Jirani wa Kisumu
Habari zenu kutoka huku ziwani. Mbona mnataja Ujerumani na New York peke yake, na hapa kwa majirani zetu Mbale, Uganda, kuna mbinu ilizaliwa? Watoto wenye vichwa vikubwa, maji yamejaa kichwani. Zamani ni kuwekewa mpira unaoshusha maji tumboni. Mpira ukiziba na unaishi mbali na hospitali, mtoto anakwisha njiani. Benjamin Warf, daktari Mmarekani aliyekuwa hospitali ya CURE pale Mbale mwanzoni mwa miaka ya 2000, akaunganisha mambo mawili: anaingia na kamera nyembamba, anatoboa njia mpya ya maji ndani ya ubongo, halafu anachoma sehemu ya ile nyama inayoyatengeneza. Wengi hawahitaji mpira tena. Marekani wamekuja kujifunza kwetu.

Na tena Uganda: wanaume 302 wenye ngiri, nusu wakawekewa wavu wa kiwandani wa bei mbaya, nusu wavu wa kitambaa cha neti ya mbu uliotakaswa. Matokeo yalitoka 2016. Baada ya mwaka, ngiri kurudi hakukuwa na tofauti ya maana.

#39 Ng'ombe Hazeeki
Kwa hiyo nikate neti yangu?

#40 Jirani wa Kisumu
Wewe lala ndani ya hiyo neti. Nimesema uliotakaswa.

#41 Mzee wa Korosho
Haya mambo ya kuazima ni ya kweli. Mtoto wa jicho nilitolewa kwa mlio wa kutetemesha, daktari akanihadithia kwamba aliyebuni, Charles Kelman, 1967, wazo alilipata akiwa kwenye kiti cha daktari wa meno anasafishwa. Na mjukuu wangu tundu la moyo limezibwa pale JKCI, taasisi ya moyo ya Dar, kwa kupitia mshipa wa paja, kifua hakikuguswa. Nilimkuta anakula ubwabwa.

#42 Fupa Gumu
Mzee na mjukuu paja lilimuuma au bega? 😂

#43 Mzee wa Korosho
Alilalamika njaa.

#44 Chuma cha Reli
MREJESHO. Leo Jumatatu. Bega lilianza kuachia Jumamosi usiku, jana mchana likawa limekwisha kabisa. Kala wali na maharage, kanisani kaenda, karudi anasimulia.

Tatizo sasa ni nyumbani. Mimi nasema damu imemaliza kunyonya gesi. Mke wangu kasoma uzi wote, anasema ni kuvutwa, nyama imepumzika. Bi mkubwa mwenyewe anasema ni tangawizi ya Ng'ombe Hazeeki, alikuwa anainywa kimyakimya tangu Ijumaa. Shangazi anasema walimwangusha, ila hawakumwangusha sana.

#45 Ng'ombe Hazeeki
Nilisema mimi. Mwambie bi mkubwa namsalimia.

#46 Dada wa Zamu
Ngoja niingie zamu. Kuna wa saa nne, nyongo. Nitahesabu mwenyewe hizo pumzi za Usingizi Mnono.

#47 Mwana wa Shangani
Bibi kasomewa habari ya kuku, kakubali. Sasa anauliza kile kifuko watampa akazike wenyewe au wanakitupa?

#48 Mpiga Mbizi
Na mimi naomba kuuliza ile neti ya Uganda, inafanya kazi kwa busha pia? Ni rafiki yangu anauliza.

#49 Mkunga Mstaafu
Busha si ngiri, mwanangu. Busha ni maji, halihitaji wavu. Mlete huyo rafiki yako aonwe, asione aibu.